Hekima ya Kweli na Unyenyekevu

Akili, elimu na hekima ni vitu vitatu, wala si kimoja. Akili mtu huzaliwa nayo. Elimu huipata shuleni na vitabuni. Bali hekima ni kujua namna ya kuvitumia vile viwili kwa haki, mbele ya Mungu na mbele ya watu. Mfalme Sulemani, alipoambiwa na Mungu huko Gibeoni aombe atakalo, hakuomba mali wala maisha marefu, bali aliomba moyo wa kusikia apate kuwaamua watu wake. Moyo huo wa kusikia ndio unyenyekevu. Mtu asiyesikia hajifunzi, na asiyejifunza hapati hekima, ajapokuwa na vyeti vya kujaza sanduku.

Wako watu wadhanio ya kuwa unyenyekevu ni kujidunisha. Mwanafunzi ajuaye jibu, naye ananyamaza kusudi aitwe mpole, huyo si mnyenyekevu. Anaficha kipaji alichopewa, na pengine moyoni anawacheka wenzake wanaokosa. Bwana Yesu alipowatawadha wanafunzi wake miguu hakukana kwamba yeye ni Bwana na Mwalimu. Alikiri kwamba ndiye, naye alikuwa amekwisha kuinama na kushika kitambaa.

Mfano wa jambo hili haupo mbali na Dar es Salaam. Katika vilima vya Pugu, kilometa 20 hivi kutoka mjini, palikuwa na shule ya misheni iliyoitwa kwa jina la Mtakatifu Fransisko. Mmoja wa walimu wake alikuwa Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa mtemi Burito wa Wazanaki. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, akabatizwa mwaka 1943, akasoma Makerere, akafundisha Tabora, kisha akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada. Siku zile Watanganyika wenye shahada ya ng'ambo walikuwa wachache sana. Mtu wa namna hiyo husifiwa kila apitapo; na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mwezi wa Julai 1954 chama cha TANU kilianzishwa, na mwalimu huyu akawa kiongozi wake. Mwaka uliofuata wakubwa wakamtaka achague moja: kufundisha au siasa. Akaacha kazi. Jambo hili hutajwa upesi upesi vitabuni, lakini mwenye kusoma na alitafakari. Mshahara ulikwisha, naye alikuwa na mke na watoto wadogo. Akarudi kwao Butiama, akakaa miezi kadhaa. Huko akamfundisha Kizanaki padre mgeni wa shirika la Maryknoll, akamsaidia kutafsiri mafundisho ya dini katika lugha hiyo, wala hakuona kazi hiyo kuwa ndogo kwa mtu aliyetoka kuzungumza New York, mbele ya baraza la Umoja wa Mataifa.

Kisha akaja kukaa Magomeni, katika nyumba ya kawaida, jirani na watu wa kawaida. Hapo mwenye shahada akawa mwanafunzi tena. Aliketi na wazee wa mji, wengi wao Waislamu, na wengi hawakupata kuingia katika shule ya serikali wala ya misheni. Wazee hao waliujua mji na desturi zake, na maneno yanayowafaa watu wa pwani, mambo ambayo Edinburgh hayafundishwi. Naye Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma aliyesoma kidogo tu, aliwaita wanawake wakaingia chamani kwa maelfu. Kama Mwalimu angaliwadharau watu hao kwa sababu hawakusoma, au kwa sababu dini yao si yake, angalibaki peke yake na shahada yake ukutani.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ikapandishwa katika Uwanja wa Taifa, upande wa Temeke. Nyerere alikuwa Waziri Mkuu. Hata majuma sita hayajapita sana, mwezi wa Januari 1962, akajiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa kazi hiyo, apate kwenda kwa watu na kukijenga chama. Mwaka huo huo akaandika kijitabu, akakiita Tujisahihishe. Hakukiita Wasahihishwe.

Siku ya kujaribiwa ilikuja tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi wa chuo kikuu, wamevaa majoho yao, waliandamana mpaka Ikulu kuipinga sheria iliyowataka walitumikie taifa kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya mshahara wao ikatwe. Walikuwa watu wenye akili, tena wenye elimu. Chuo chao kilijengwa kwa kodi ya wakulima ambao watoto wao wengi hawakuiona hata shule ya msingi. Rais akawasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akakasirika, na hasira yake haikufichika. Lakini aliyeanza kumkata mshahara alikuwa yeye mwenyewe: alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wa mawaziri wake vile vile. Wanafunzi wapata 400 wakarudishwa makwao. Wako wasemao kwamba adhabu ile ilikuwa kali, na huenda wana haki. Wengi wao baadaye walipokewa tena chuoni.

Wala asidhani mtu kwamba Mwalimu hakukosa. Mwaka 1972 serikali yake iliziondoa serikali za mitaa, na mwaka 1976 ikavivunja vyama vya ushirika, ambavyo wakulima walikuwa wamevijenga kwa jasho lao tangu siku za ukoloni. Madhara yake yalikuwa makubwa: wakulima walikosa chombo chao wenyewe cha kuuzia mazao. Mwaka 1984, alipokuwa bado Rais, aliulizwa habari ya miaka yake ya utawala. Akajibu kwamba kama angeanza upya, yako mambo asingeyafanya tena, akayataja mawili hayo kwa majina yake. Hakusema kwamba alidanganywa na washauri, wala hakuwalaumu watumishi wa chini. Neno hilo halikuwarudishia wakulima vyote walivyopoteza. Hata hivyo ni watawala wachache walisemao wakiwa bado kitini.

Mwaka uliofuata akaondoka madarakani kwa hiari, akarudi Butiama kulima shamba lake. Tangu zamani alikuwa na desturi ya kuhudhuria Misa kila siku, naye hakuiacha. Uzeeni aliketi akaziandika Injili zote nne na Matendo ya Mitume kwa utenzi wa Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na watu wa Dar es Salaam wakapanga mistari mirefu kumuaga katika uwanja ule ule wa Temeke. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza kuchunguza maisha yake, ili ijulikane kama anastahili kutajwa miongoni mwa wenye heri.

Nyumba ya Magomeni imefanywa makumbusho. Wanafunzi waendao kuitazama hushangaa kwanza kwa udogo wa vyumba vyake.

MASWALI

1. Eleza tofauti ya akili, elimu na hekima.
2. Kwa nini mwanafunzi anayeficha jibu haitwi mnyenyekevu?
3. Mwalimu Nyerere alijifunza nini kwa wazee wa Dar es Salaam?
4. Lipi ni gumu zaidi: kuacha mshahara kama alivyofanya mwaka 1955, au kukiri kosa kama alivyofanya mwaka 1984? Toa sababu zako.