Barua Pepe Zinapotoweka Katika Kompyuta: Namna ya Kuzirejesha na Kulilinda Sanduku Lisiharibike

Mji wa Karatu huishi kwa barua. Mgeni anayeshuka katika kreta ya Ngorongoro mwezi Agosti mara nyingi alianza kupanga safari yake miezi mingi kabla, na mapatano yote kati yake na mwenyeji wake yalifanyika kwa barua pepe: tarehe ya kufika, idadi ya watu, aina ya gari, chakula asichokula, malipo ya awali, nakala ya pasipoti. Katika ofisi nyingi ndogo za Karatu, Rhotia na kando ya barabara iendayo lango la Loduare, barua hizo zote zimo ndani ya kompyuta moja, katika programu kama Microsoft Outlook au Mozilla Thunderbird. Asubuhi moja programu inafunguliwa, na kikasha ni kitupu.

Tumeandika somo hili kwa ajili ya asubuhi hiyo. Mara nyingi barua hazipotei saa ile zinapotoweka machoni. Hupotea katika saa zinazofuata, kwa mikono ya mtu mwenye nia njema anayejaribu kuzirejesha: anaifuta programu na kuiweka upya, anakubali kila swali linalojitokeza, anaagiza kompyuta isafishwe. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukikutwa na hali hiyo, funga programu kwanza na usifanye jambo lingine lolote mpaka umesoma sehemu mbili zinazofuata.

Barua zako zinakaa wapi?

Fikiria sanduku la posta. Kuna mtu anayekwenda na ufunguo wake, anatoa barua zote na kuzibeba nyumbani. Nyumba ikiungua, sandukuni hakubaki kitu. Kuna mwingine anayeziacha barua palepale posta na kuweka nyumbani nakala tu. Programu za barua pepe hufanya kazi kwa njia hizo mbili. Ya kwanza huitwa POP: barua hushushwa kutoka kwenye seva ya mtoa huduma na kuwekwa katika kompyuta yako, na isipokuwa umeagiza vinginevyo, seva inaweza kuzifuta. Ya pili huitwa IMAP: barua hubaki kwenye seva, na kompyuta huhifadhi nakala yake.

Njia ya POP imedumu katika ofisi nyingi kwa sababu zinazoeleweka. Nafasi inayotolewa kwenye seva pamoja na anwani ya kampuni mara nyingi ni ndogo, nayo hujaa upesi kwa picha na viambatisho. Isitoshe, mtu anayejua kwamba intaneti hukatika hupenda kuwa na barua zake mkononi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, huduma ya intaneti ilizorota nchini kote, na aliyekuwa na barua zake ndani ya kompyuta aliweza angalau kuzisoma. Hoja hiyo ina uzito. Lakini programu ya IMAP nayo inaweza kuhifadhi nakala ndani ya kompyuta kwa ajili ya siku kama hizo, na ndiyo tunayoipendekeza palipo na nafasi ya kutosha.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuliangalia sanduku lako kwa njia nyingine. Chukua simu au kompyuta nyingine, fungua kivinjari, ingia kwenye ukurasa wa mtoa huduma wako kwa anwani na nywila yako. Angalia kikasha, tupio na barua taka. Gmail, kwa mfano, huweka barua iliyofutwa katika tupio kwa siku 30 kabla ya kuiondoa kabisa. Ukizikuta barua huko, tatizo lako limekuwa dogo: kilichoharibika ni nakala ya kompyuta tu. Usipozikuta, chanzo pekee ulicho nacho huenda ni faili lililomo ndani ya kompyuta yako, na sasa unapaswa kulishughulikia kama hati ya kiwanja.

Nakili kwanza, ndipo utengeneze

Programu ikiwa imefungwa, na kompyuta ikiwa imetengwa na intaneti, tafuta faili lenye barua. Katika Outlook ni faili ambalo jina lake huishia kwa herufi .pst, na mara nyingi limo katika folda ya nyaraka, ndani ya folda iitwayo "Outlook Files". Katika Thunderbird barua zimo katika folda ya wasifu. Njia rahisi ya kuifikia ni kufungua menyu ya "Help", kisha "Troubleshooting Information", na kubonyeza kitufe cha kufungua folda, halafu kuifunga programu tena. Nakili folda yote au faili lote kwenye diski ya nje. Kuanzia hapo, majaribio yote yafanyike juu ya nakala, na lile la asili libaki kama lilivyokutwa.

Hapa kuna mtego unaowasumbua wengi. Flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili moja linalozidi GB 4. Utaambiwa kwamba faili ni kubwa mno, hata kama flashi yako ina GB 32 zilizo wazi. Flashi haijaharibika. Tumia diski ya nje iliyoandaliwa kwa mfumo wa NTFS au exFAT. Au iandae upya flashi hiyo, ukikumbuka kwamba kuiandaa upya hufuta vyote vilivyomo.

Nakala ikishapatikana, tazama ukubwa wa faili. Ikiwa orodha ya barua ni tupu lakini faili lina MB 900, barua zimo. Thunderbird kwa kawaida huhifadhi barua zote za folda moja katika faili moja la maandishi, lisilo na kiambishi, liitwalo mathalani Inbox. Pembeni yake kuna faili dogo la Inbox.msf ambalo ni faharisi tu. Faharisi ikiharibika, barua huonekana kama hazipo. Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua sifa zake, kisha amri ya "Repair Folder". Faharisi itajengwa upya kutokana na barua zenyewe. Jambo jingine kuhusu Thunderbird ambalo laiti wengi wangelijua mapema: barua iliyofutwa hubaki ndani ya faili hilo, imefichwa tu, mpaka folda itakapobanwa kwa amri ya "Compact". Programu inapokuuliza kama ibane folda ili kuokoa nafasi, nawe umepoteza barua, jibu ni hapana.

Outlook huja na chombo chake cha ukarabati kiitwacho SCANPST.EXE, kilichomo katika folda ya Office. Kifungue Outlook ikiwa imefungwa, kielekeze kwenye nakala ya faili la .pst, na ukiache kitengeneze nakala ya akiba kabla ya kurekebisha. Huenda ukalazimika kukiendesha zaidi ya mara moja. Barua zitakazookolewa bila kujulikana zilikotoka huwekwa katika folda ya "Lost and Found", kwa hiyo usihitimishe kwamba kazi imeshindikana kabla ya kuitazama. Ikiwa faili lako linaishia kwa .ost, hilo ni nakala ya vilivyomo kwenye seva. Mara nyingi hutosha kulibadilisha jina na kuiacha Outlook ijenge jipya, ila ulitunze lile la zamani, kwa kuwa barua ambayo haikuwahi kufika kwenye seva imo humo peke yake.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, hakikisha kwamba orodha haikuchujwa ili ionyeshe barua ambazo hazijasomwa tu, na kwamba Outlook haikuhamishia barua za zamani kwenye faili la kumbukumbu liitwalo archive.pst. Si aibu kugundua kwamba barua hazikwenda popote.

Kinachoharibu sanduku

Sanduku la barua ni faili linaloandikwa muda wote programu ikiwa wazi. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ukurasa mmoja unabaki nusu. Katika kambi zinazotegemea sola na jenereta, hatari hiyo hurudi kila siku saa ile ile ya kuzima mtambo, nayo ni rahisi kuizuia: anayezima jenereta ampe taarifa aliye mezani, naye afunge programu na kuizima kompyuta kwanza. Mjini, kompyuta ya mezani ihudumiwe na kifaa cha UPS, ambacho huipa dakika chache za kujifunga. Wakati wa masika, radi zinapoanza, chomoa kebo ya umeme na ile ya mtandao pia.

Chanzo cha pili ni ukubwa. Mafaili ya Outlook za kabla ya mwaka 2003 yalikomea GB 2, na yakifika hapo hukataa kufunguka. Kompyuta za aina hiyo bado zinaonekana katika baadhi ya ofisi. Kuanzia Outlook ya 2010 kikomo cha kawaida ni GB 50, lakini hatushauri mtu akisubiri. Tenga faili kwa kila mwaka. Diski iliyojaa nayo huleta madhara yaleyale.

Chanzo cha tatu hutokana na kutaka kushirikiana. Ofisi huweka faili la .pst katika folda ya mtandao ili watu wawili, wa mapokezi na wa hesabu, walitumie pamoja. Microsoft yenyewe haipendekezi matumizi hayo, kwa sababu faili hilo halikuundwa kwa ajili yake. Anwani inayohitaji watu wawili iwekwe kwa njia ya IMAP, kila mmoja na kompyuta yake.

Cha nne huwashangaza watu: programu ya kuzuia virusi. Kwa kuwa Thunderbird huweka barua nyingi katika faili moja, kiambatisho kimoja chenye kirusi kinaweza kuifanya programu hiyo ilitie karantini faili zima la Inbox. Kama kikasha kimetoweka ghafla pasipo umeme kukatika, tazama karantini kabla ya kwenda kwa fundi.

Kinga iliyo juu ya zote ni nakala ya akiba: moja kila wiki, programu ikiwa imefungwa, kwenye diski isiyolala katika chumba kimoja na kompyuta, maana mwizi hachagui. Mara moja kwa miezi michache ifungue nakala hiyo na usome barua moja ndani yake. Anayetumia POP aagize pia barua zibaki kwenye seva kwa siku 30.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Mwambie kwa maandishi kwamba unachotaka ni data, na kwamba diski isifutwe bila idhini yako. Usikubali programu ya uokoaji iwekwe kwenye diski ileile yenye barua zilizofutwa, kwani itaandika juu ya kile unachokitafuta. Programu za uokoaji zilizovunjwa kufuli huleta virusi. Tena, ndani ya sanduku lako zimo pasipoti za watu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, wajibu wa kuzilinda haukuondoki kwa sababu kompyuta iko mezani kwa mtu mwingine. Fundi asiachiwe nakala kazi inapokwisha.

Barua zisipopatikana

Kila barua ina upande wa pili. Wakala aliyekuletea mgeni anayo, hoteli uliyoiwekea nafasi inayo, mgeni mwenyewe anayo. Anza na wanaotarajiwa kufika ndani ya wiki mbili, na hao uwapigie simu wewe mwenyewe, kwa namba zilizo katika daftari, vocha au simu ya dereva, kwa kuwa mgeni aliyeshuka uwanja wa Kilimanjaro bila kupokelewa hatasubiri faili litengenezwe. Kisha waandikie wengine, ukiomba wakutumie tena mawasiliano yote tangu mwanzo. Ankara na stakabadhi zipewe kipaumbele, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi azitunze kumbukumbu zake kwa angalau miaka mitano.

Katika barua hiyo ya kuomba nakala, usitaje namba ya akaunti ya benki, wala usibadilishe maelekezo ya malipo. Matapeli hutumia maneno hayohayo, kwamba "tumepoteza barua zetu, tafadhali lipeni kwenye akaunti mpya", na wakala makini akiyaona atasita hata kama mwandishi ni wewe. Malipo yaliyobaki yathibitishwe kwa simu.