Dondoo muhimu: Kasi ya prosesa na bili ya umeme
Kabla hujailazimisha prosesa kwenda kasi kuliko ilivyopangwa kiwandani, jaribu kwanza kuipunguzia umeme. Matumizi yake hupanda kwa mraba wa volti: ukiongeza volti kwa asilimia 10, umeme inaokula huongezeka kwa takriban asilimia 21, hata kama masafa hujayagusa. Na kwa kuwa kasi ya juu hudai volti zaidi, megahezi chache za mwisho ndizo ghali kuliko zote, na kwa kompyuta ya nyumbani sioni kama zinafaa gharama hiyo.

Chukua Ryzen 9 7950X ya AMD, iliyotoka mwaka 2022. Kiwandani imeruhusiwa kuvuta hadi wati 230. Ingia kwenye BIOS, chagua Eco Mode iitwayo ya wati 65, na kikomo hicho halisi kitashuka hadi wati 88. Kazi za ofisi hazitayumba. Kuchakata video ndiko kutakakochukua muda zaidi.

Ukishusha volti, shusha kidogo kidogo, kisha ipe mashine kazi nzito kwa saa nzima huku ukifuatilia joto. Ikijizima au ikitoa skrini ya buluu, rudi hatua moja nyuma. Na tafadhali, nakili mafaili yako muhimu kwenye diski nyingine kabla ya kuanza.