Kamera Isiyouona Mtandao: Mara Nyingi Chanzo ni Masafa

Kamera ya ulinzi isiyotumia waya imenunuliwa, imefungwa juu ya geti, na programu yake imepakuliwa kwenye simu. Simu inafungua video bila kukwama, luninga ya sebuleni inaonesha mpira kupitia mtandao uleule, lakini kamera inajibu jambo moja tu: imeshindwa kuunganishwa. Mwenye nyumba hujaribu mara tatu, kisha humwita fundi au huirudisha kamera dukani, na siku hizo zote geti hubaki bila mlinzi. Katika hali nyingi za namna hiyo kamera ni nzima. Kilichokosewa ni masafa, na mkazi anaweza kurekebisha mwenyewe kabla ya kutoa fedha nyingine.

Ruta nyingi zinazouzwa sasa hurusha mawimbi ya redio katika bendi mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Bendi ya 5 hubeba data kwa kasi kubwa zaidi, ila nguvu yake hupungua upesi inapokutana na kuta. Bendi ya 2.4 ina kasi ndogo, lakini huvuka ukuta wa tofali za saruji kwa urahisi zaidi na kufika mbali. Kamera, balbu na soketi janja nyingi zimewekewa redio ya bendi ya 2.4 pekee, kwa kuwa ni ya bei nafuu na vifaa hivyo havihitaji kasi kubwa. Kwa kifaa cha namna hiyo bendi ya 5 ni kama haipo. Maandishi ya "2.4GHz" kwenye boksi yatazamwe kabla ya kulipa, si baada ya kufika nyumbani.

Hapa lipo jambo linalowachanganya wengi. Jina la mtandao wa nyumbani likiishia na "5G" huwa na maana ya gigahezi 5 tu. Halihusiani na kizazi cha tano cha mitandao ya simu, wala si ushahidi kwamba mtoa huduma ameongeza kasi.

Ugumu huanza pale ruta inapotumia jina moja kwa bendi zote mbili na kuamua yenyewe kila kifaa kikae wapi. Kwa simu mpangilio huo ni mzuri. Kwa kamera inayounganishwa mara ya kwanza unaweza kuwa kikwazo, kwa sababu baadhi ya programu hutegemea simu na kamera kukutana kwenye bendi moja. Simu ikiwa bendi ya 5, kamera hungoja taarifa ambazo haziifikii.

Njia ya uhakika ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta na kuzipa bendi hizo majina mawili tofauti. Anwani ya kuingilia, ambayo mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1, huandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta pamoja na nenosiri la kuanzia. Simu iunganishwe kwanza na jina la bendi ya 2.4, ndipo kamera iongezwe. Baada ya hapo simu inaweza kurudi bendi ya 5 bila kuathiri kamera. Asiyetaka kugusa mtandao mkuu anaweza kuwasha mtandao wa wageni kwenye bendi ya 2.4 pekee, ikiwa ruta yake inaruhusu.

Ikishindikana bado, utazamwe mpangilio wa usalama. Vifaa vingi vya zamani kidogo havielewi WPA3. Ruta iwekwe WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Kuondoa nenosiri ili "kurahisisha" si suluhisho. Ni kuwafungulia wapita njia mlango.

Kamera iliyounganishwa vizuri mezani inaweza kupotea tena ikishafikishwa getini. Kwa hiyo ijaribiwe mahali itakapofungwa kabla ya kutoboa ukuta. Programu nyingi huonesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi: karibu na -50 ni nzuri sana, -67 inatosha kwa video, na ikishuka hadi -80 picha zitakatika. Mabati, geti la chuma, tangi la maji na nondo ndani ya zege ni vizuizi vikubwa kuliko umbali wenyewe. Mara nyingi kuitoa ruta nyuma ya luninga na kuiweka juu ya kabati, upande unaotazama geti, husaidia kuliko kununua ruta mpya.

Katika nyumba za kupanga zilizobanana, adui ni ruta ya jirani. Bendi ya 2.4 ina chaneli chache, na ni 1, 6 na 11 tu ambazo hazigongani zikitumiwa pamoja. Ichaguliwe ile yenye msongamano mdogo, na upana uwe megahezi 20. Chaneli 12 na 13 ziepukwe, kwani vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani mara nyingi havizioni. Maikrowevu nayo hutumia masafa ya jirani na hayo. Picha inayokwama saa ya chakula tu inaweza kuwa na sababu hiyo.

Umeme ukikatika na kurudi, kamera inaweza kuwaka kabla ruta haijawa tayari. Baadhi hujaribu tena zenyewe, nyingine hukata tamaa. Ruta iachwe dakika chache itulie, kisha kamera izimwe na kuwashwa. Ruta ikiwekewa betri ndogo ya akiba na kamera ikabaki bila umeme, kamera bado itazimika. Vyote viwili vinahitaji akiba ikiwa lengo ni ulinzi wa usiku.

Nenosiri la kiwandani la kamera libadilishwe siku hiyohiyo. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, kisha ikavitumia vifaa hivyo kuangusha huduma kubwa za intaneti. Wenye kamera wengi hawakujua lolote.

Na siku ruta itakapobadilishwa, ile mpya ipewe jina, nenosiri na aina ya usalama vilevile vya zamani. Kamera, balbu na soketi zitarudi zenyewe, bila mtu kupanda ngazi.