Ndege wa Mwisho wa Martha's Vineyard

Upande wa mashariki wa Marekani kiko kisiwa kiitwacho Martha's Vineyard. Huko alikaa ndege wa nyikani, jamaa ya kwale, ambaye Wamarekani walimwita heath hen.

Baridi ilipoanza kupungua, mwezi wa Machi, madume walikusanyika uwanjani alfajiri. Walisimamisha manyoya ya shingo kama pembe, wakakanyaga-kanyaga chini, wakavimbisha mifuko ya rangi ya machungwa shingoni, na kutoa mvumo kama wa mtu apulizaye mdomo wa chupa.

Profesa Alfred Gross wa chuo cha Bowdoin aliwachunguza na kuwapiga picha. Ndege wa namna hii hafuatwi, hungojwa. Kibanda cha kujificha huwekwa kando ya uwanja. Mpiga picha huingia kungali giza, wala hatoki mpaka ndege waondoke wenyewe. (Na baridi ya huko si mchezo!)

Lakini Profesa aliwakuta wamekwisha kuwa wachache. Mwaka 1916 walikadiriwa kuwa karibu 2,000. Mwezi wa Mei moto ukaunguza nyika, majike wakiwa wanaatamia. Baridi kali, mwewe, na maradhi ya batamzinga vikawapunguza waliosalia. Tangu Desemba 1928 alionekana dume mmoja tu. Tarehe 1 Aprili 1931 alinaswa, akavishwa pete miguuni, akaachwa huru. Alionekana mara ya mwisho tarehe 11 Machi 1932, majira yale yale ya kucheza.