KUONGEZA RAM YA KOMPYUTA: JE, ITAWAKA HARAKA ZAIDI?



Wazazi hutuuliza mara kwa mara: "Ustadhi, kompyuta ya nyumbani inachukua dakika nne mpaka itulie. Tumeambiwa tuongeze RAM. Tuongeze?" Swali hili lina fedha ndani yake, na mara nyingi fedha yenyewe ilikuwa imetengwa kwa ajili ya sare au ada. Kwa hiyo tumeona tulifanyie somo, ili anayekwenda dukani ajue anachokwenda kununua.

RAM NA DISKI

Wengi huchanganya vitu hivi viwili kwa sababu vyote hupimwa kwa gigabaiti (GB). Diski ndiyo inayohifadhi. Picha, barua na Windows yenyewe hukaa humo hata umeme ukizimwa. RAM ni mahali pa kufanyia kazi kwa muda tu, na umeme ukikatika kilichokuwemo hupotea chote. Mwanafunzi aliyewahi kupoteza insha aliyokuwa hajaihifadhi anatuelewa vizuri.

Chukueni mfano wa darasa letu. Kabati la vitabu ni diski, na jamvi tunalokalia ni RAM. Kila alasiri mwanafunzi wa zamu hufungua kabati na kubeba vitabu kuvileta jamvini. Sasa tukinunua jamvi kubwa mara mbili, je, atamaliza kubeba mapema zaidi? Hapana. Vitabu ni vilevile, kabati ni lilelile, na miguu ni ileile. Lakini kama jamvi lilikuwa dogo mno, kiasi kwamba kila akileta kitabu kimoja hulazimika kurudisha kingine, hapo jamvi kubwa litamwondolea taabu kubwa.

NINI HUTOKEA TUNAPOWASHA?

Kwanza kompyuta hujikagua vifaa vyake. Kisha husoma Windows kutoka kwenye diski na kuiweka kwenye RAM. Mwisho huanzisha programu zilizojiandikisha kuanza zenyewe. Kazi kubwa hapa ni ya kubeba kutoka kabatini, na mwenye kuchelewesha ni diski.

Tufanye hesabu kidogo. Diski ya kuzunguka iliyozoeleka kwenye kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Ili isome kipande kimoja, kichwa chake kwanza husogea mpaka mahali pake, kisha husubiri kipande kizunguke kimfikie. Vyote viwili huchukua kama milisekunde 12 hivi. Kwa mwendo huo, husoma vipande vilivyotawanyika 80 hivi kwa sekunde. Tuseme kuwasha kunahitaji vipande 4,000 vya namna hiyo. Gawanya kwa 80, utapata sekunde 50. Katika hesabu hii yote RAM haikutajwa. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka, na kipande kama hicho hukileta kwa muda usiofika milisekunde moja.

Kwa hiyo kama kompyuta ina RAM ya kutosha, kuiongezea hakupunguzi muda wa kuwaka kwa kiasi cha kuonekana. Anayemwambia mteja kinyume cha hayo bila hata kuitazama kompyuta yake anamuuzia kitu asichokihitaji.

RAM HUSAIDIA WAKATI GANI?

Ikiwa ni ndogo mno. Windows 10 ya biti 64 iliandikwa kuwa inahitaji angalau GB 2. Neno "angalau" maana yake itawaka. Haina maana kwamba utafanya kazi kwa raha. RAM ikijaa, Windows huchukua sehemu ya diski na kuitumia kama jamvi la ziada, na diski ile tumeona mwendo wake. Ndipo unaona skrini imeshafunguka, picha ya mandhari ipo, lakini ukibonyeza kitu hakifunguki, na taa ya diski inamemeta bila kupumzika. Kompyuta ya namna hiyo ikipelekwa kutoka GB 2 hadi GB 4 au 8, nafuu yake ni ya kweli. Na angalieni nafuu iko wapi: si katika kuwaka kwa mwanzo, ni katika kile kipindi cha kusubiri baada ya skrini kufunguka.

Kujua hali ya kompyuta yako hakuhitaji fundi. Iwashe, fungua programu mnazotumia kila siku, subiri dakika tano, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na utazame RAM iliyotumika. Ikiwa imekaribia kujaa, ongeza. Ikiwa nusu iko tupu, rudisha pochi mfukoni. Hapohapo, kuanzia Windows 8 na kuendelea, ipo orodha ya programu zinazoanza zenyewe. Zima zile msizozihitaji. Hilo ni bure.

Atakayepima muda kwa saa aanzishe upya kompyuta badala ya kuizima na kuiwasha. Windows za tangu mwaka 2012 huweza kuhifadhi sehemu ya hali yake zinapozimwa ili ziwake haraka, na hilo huharibu kipimo.

UKIAMUA KUNUNUA

Jua aina kwanza. DDR3 haiingii mahali pa DDR4. Pengo lake liko sehemu nyingine, na kulazimisha ni kuvunja. RAM ya kompyuta mpakato ni fupi kuliko ya mezani, na baadhi ya mpakato zimechomelewa RAM yake, haiongezeki kabisa. Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiiwekea 16.

Chomoa waya wa umeme kabla ya kufungua, na gusa chuma cha kasha ili umeme wa mwilini usiunguze kifaa. Katika kompyuta mpya za DDR5, baada ya kuweka RAM skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa mara ya kwanza. Inajirekebisha, msiizime.

Tahadhari moja kwa wazazi: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka GB 4, lakini inataka pia prosesa iliyo katika orodha yake na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kuongeza RAM peke yake hakuifanyi kompyuta ya zamani ikubalike.

ZOEZI

Kompyuta A ina GB 8, inatumia GB 3 baada ya kutulia, na diski yake ni ya kuzunguka. Kompyuta B ina GB 2, zote zimejaa, na tayari ina SSD. Kompyuta C ina GB 4 na Windows ya biti 32, na mwenyewe anataka kununua GB 4 nyingine. Fedha inatosha kitu kimoja kwa kila kompyuta. Ungemshauri nini kila mwenye kompyuta, na kwa sababu gani? Andikeni majibu kwenye madaftari, tutayasahihisha darasani.