Somo la Kuhifadhi Akili: Katika Hukumu ya Vidonge na Unga

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baad. Enyi ndugu zetu wa Ikwiriri na Rufiji yote, jueni ya kwamba sharia imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Na vidonge vya tramadoli wauziwavyo vijana kwa siri, na unga uliotufikia pwani tangu miaka ya 1980, huyaharibu yote matano.

SUALA: Tramadoli si dawa ya hospitali? Vipi iwe haramu?

JAWABU: Ni dawa ya maumivu iliyotengenezwa Ujerumani, nayo ni ya jinsi ya afyuni japokuwa haikutoka katika mmea. Akiiandika tabibu kwa mgonjwa, ni halali kwa haja. Akiimeza kijana apate kubeba mizigo au kuendesha pikipiki usiku kucha, ni haramu. Ibnu Hajar al-Haytami, aliyefariki mwaka 974 Hijria, ameihesabu afyuni katika madhambi makubwa. Na kipya hufuata hukumu ya cha zamani, kwani illa ni moja.

SUALA: Dhara yake ni ipi?

JAWABU: Mwili huzoea hata kipimo cha jana kisitoshe leo. Kikizidi huleta kifafa, na pumzi hupungua mpaka ikakatika, khasa kikichanganywa na pombe. Na aliyeacha muda, kisha akarudia kipimo chake cha zamani, yu karibu zaidi na mauti. Fentanili na mfano wake ziliua watu zaidi ya 70,000 Marekani mwaka 2022.

SUALA: Baba amemtoa mwanawe katika methadoni, akisema ni kilevi kwa kilevi. Amepata?

JAWABU: Amekosa. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwezi wa Februari 2011, hunywewa kwa kipimo mbele ya muuguzi, nayo huondoa arosto. Maulamaa wetu wa Kishafii wamejuzisha dawa ya namna hii kwa neno la tabibu mwaminifu, pakikosekana badala. Kumtoa ni kumrudisha kwenye unga.

Basi msifiche watoto kwa kuogopa aibu. Ukimkuta haamshiki, akoroma, midomo imegeuka rangi, mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na umwambie daktari kweli alichotumia. Aibu ya siku moja ni nyepesi kuliko sanda.

Wallahu aalam.