INJINI KUBWA AU HAIBRIDI? UBISHI WA BWENINI KUHUSU MAGARI YA KIFAHARI YA MBIO

Ubishi huu ulianzia bwenini usiku mmoja baada ya taa kuzimwa, saa ambazo kila mwanafunzi hujigeuza profesa. Mwenzetu mmoja alitangaza kwamba gari la mbio lisilo na injini kubwa si gari bali ni cherehani. Mwingine akamjibu kutoka kitanda cha juu kwamba injini kubwa ni mambo ya babu, siku hizi ni haibridi. Kelele zikapanda hadi mlinzi akagonga dirisha. Mimi sikuwa na jibu usiku ule. Nimelitafuta tangu hapo, na nililolipata si lile nililolitarajia.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Gari la haibridi ni lile linalosukumwa na injini ya petroli pamoja na mota ya umeme inayolishwa na betri. Si uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1900, Ferdinand Porsche akiwa bado kijana anayefanya kazi katika kiwanda cha Lohner huko Vienna, aliunda gari lililoitwa Semper Vivus. Lilikuwa na injini mbili ndogo za petroli za kuzalisha umeme, na mota zikakaa ndani ya vitovu vya magurudumu. Kisha miaka ikapita mingi, hadi Toyota ilipoanza kuuza Prius mwaka 1997.

Prius ilitengenezwa ili kuokoa mafuta, na hapa ndipo wengi wetu hupotea njia. Tunadhani Ferrari ikitia mota ya umeme, basi nayo imeogopa bei ya petroli. Lakini wapi! Mtu anayenunua gari ambalo bei yake ingenunulia shule mabasi kadhaa hakai kituoni akihesabu lita. Ni kweli sheria za moshi za Ulaya zimewabana watengenezaji sana, na haibridi inawasaidia kupumua. Hata hivyo, sababu ya pili ndiyo tamu zaidi, nayo imo ndani ya injini yenyewe.

Injini ni silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Ukubwa tunaousikia kila siku, ati lita mbili, ati lita sita, ni nafasi ambayo pistoni zote hufagia zikishuka mara moja. Chukua Ferrari 12Cilindri iliyotolewa mwaka 2024. Ina lita 6.5 katika silinda 12. Gawanya, utaona kila silinda inapata sentimita za ujazo 541 hivi, yaani zaidi kidogo ya chupa ya soda ya nusu lita. Kila silinda huvuta hewa kiasi hicho, hewa ikachanganyika na petroli, ikalipuka. Hewa nyingi, mlipuko mkubwa. Hakuna uchawi.

Injini hiyo haina mota ya umeme ya kuisaidia. Inatoa nguvu za farasi 830 na inaweza kuzunguka hadi mara 9,500 kwa dakika. Sasa wapenda hesabu nisikilizeni vizuri. Kila silinda hulipua mara moja katika mizunguko miwili. Mizunguko 9,000 kwa dakika ni 150 kwa sekunde, kwa hiyo kila silinda hulipua mara 75 kwa sekunde, na zote 12 kwa pamoja hulipua mara 900. Mwalimu wa muziki atakuambia kwamba mitetemo 880 kwa sekunde ni noti ya A ya juu. Basi gari lile linaimba, tena kweli kabisa! Injini ya silinda nne ikizunguka kwa kasi iyo hiyo hulipua mara 300 tu. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba sauti imepotea, usimcheke ukidhani ni deko. Kilichopotea kinahesabika.

Lakini injini ya petroli ina ugonjwa mmoja tangu kuzaliwa. Ikizunguka polepole haina nguvu, na ikisimama haina kitu kabisa. Ndiyo sababu tuna klachi na gia. Watengenezaji walipotaka injini ndogo itoe nguvu nyingi walileta tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa zaidi ndani ya silinda. Dawa nzuri, ila ina madhara yake: ukikanyaga mafuta ni lazima moshi uje kwanza, feni ishike kasi, ndipo gari liruke. Unakanyaga, unangoja. Kwa gari la mizigo si neno. Kwa gari la mbio kwenye kona ni aibu.

Mota ya umeme haina ugonjwa huo. Nguvu yake ya kuzungusha ipo tayari tangu mzunguko wa kwanza. Tena ukishika breki, mota hujigeuza jenereta, ikaokoa sehemu ya nishati ambayo ingepotea kuwa joto. Mmoja ana nguvu za mwanzo, mwenzake ana pumzi ndefu. Hii ndiyo ndoa waliyoiona Ferrari, McLaren na Porsche walipotoa LaFerrari, P1 na 918 Spyder mwaka 2013. LaFerrari ilikuwa na V12 ya lita 6.3 yenye nguvu za farasi 800, na mota ikaongeza 163 juu yake. Angalieni neno hilo: ikaongeza.

Maana si kila mtengenezaji aliongeza. Wengine walibadilisha, na hapo ndipo kisa changu kilipo. AMG, tawi la Mercedes-Benz linalotengeneza magari makali, lilikuwa na gari linaloitwa C63. Lile la kwanza lilikuwa na V8 ya lita 6.2. Lililofuata likawa na V8 ya lita 4 yenye tabo mbili, na lile la S lilikuwa na nguvu za farasi 510. Watu walilipenda kama ugali. Halafu mwaka 2022 wakazindua jipya, nalo silinda nne, lita mbili tu! Karatasini lilikuwa jitu: injini 476, mota ya nyuma 204, jumla 680. Mwenzangu wa kitanda cha juu angeimba haleluya.

Wanunuzi hawakuimba. Kwanza, gari lilikuwa na uzani wa zaidi ya kilo 2,100, hali lile la zamani lilikuwa kama 1,750. Tofauti hiyo ni kama kubeba watu wazima watano ambao hawashuki kamwe. Wenzangu wa fizikia, nishati ya mwendo ni nusu ya uzani mara mbio za mraba. Kwa mwendo uleule, uzani ukipanda kutoka 1,750 hadi 2,100, breki zina kazi ya kuzima nishati zaidi kwa asilimia 20. Pili, mota ile hutoa nguvu zake zote kwa sekunde 10 tu, kisha inashuka. Tatu, kwa umeme peke yake gari linakwenda kilomita 13 hivi, basi hata aliyetaka kuendesha kimya kimya mjini hakupata cha kujivunia. Nne ni hesabu yetu ya milipuko. Kwa mwendo mmoja wa injini, silinda nne ni nusu ya silinda nane. Gari lilikuwa na kasi kweli, lakini waliolipenda lile la V8 wengi walilipita dukani. Baadaye AMG yenyewe ilithibitisha kwamba inaunda V8 mpya.

Nilipofika hapo nilidhani nimepata jibu: umeme ukija kusaidia injini kubwa, karibu, ukija kumfukuza mwenye nyumba, hapana. Nikampelekea yule wa cherehani, akafurahi sana. Kumbe nilikuwa nimeharakisha.

Kuna Ferrari 296 GTB ya mwaka 2021. Hii nayo ni haibridi ya injini ndogo, V6 ya lita 3. Injini inatoa 663, mota 167, jumla 830. Ndiyo, farasi 830 walewale wa 12Cilindri, kwa injini isiyofika hata nusu ya ile! Na hili lilisifiwa. Mbona la AMG likakataliwa? Nimechunguza, nikaona mambo mawili. Uzani wa 296 kabla ya kutiwa mafuta na maji ni kilo 1,470, kwa hiyo umeme haukuligeuza lori. Tena wahandisi waliziweka silinda zake katika pembe ya digrii 120 ili milipuko ifuatane kwa nafasi sawa, wakahangaikia mlio wake hadi wao wenyewe wakaubandika jina la utani, V12 ndogo. Hawakumwambia mnunuzi asahau sauti. Waliitafuta upya.

Porsche nao walikwenda njia ya tatu, ambayo mimi naiona ya akili kuliko zote. Katika 911 Carrera GTS ya mwaka 2024 walitia mota ndogo ndani ya tabo yenyewe, ili feni isingoje moshi. Unakumbuka ule ugonjwa wa kungoja? Walichoma sindano palepale penye kidonda. Mota nyingine ipo kwenye giaboksi. Betri ina uzani wa kilo 27, na gari zima liliongezeka kilo 50 tu kuliko lililotangulia. Haliwezi kutembea kwa umeme peke yake hata hatua moja, wala halikukusudiwa hivyo. Kwenye njia ya Nürburgring, Ujerumani, lilizunguka kwa dakika 7 na sekunde 16.9, likilipita la zamani kwa sekunde 8.7.

Hata hapa kwetu tuliushuhudia mjadala huu, ingawa wengi tulidhani tunatazama vumbi tu. Magari ya daraja la juu yaliyokimbia Safari Rally huko Naivasha kuanzia 2022 hadi 2024 yalikuwa ya haibridi. Mwaka 2025 yalirudi bila mota wala betri, uzani wa chini ukashushwa kwa kilo 80. Gharama na ugumu wa mitambo ndivyo vilivyowashinda. Si magari ya kifahari hayo, lakini mizani ni ileile: umeme unanipa nini, na unanibebesha kilo ngapi?

Kwa hiyo anayetaka kuchagua asisome jumla ya farasi kwanza, kwa sababu hiyo jumla ndiyo iliyotupumbaza bwenini. Aulize uzani. Aulize nguvu za mota zinadumu sekunde ngapi, na betri ikiisha gari linabaki na nini. Lamborghini Revuelto ya mwaka 2023, kwa mfano, ikiishiwa umeme bado ina V12 ya lita 6.5 nyuma ya kiti. C63 inabaki na lita mbili na betri ya kilo 89 ya kuburuta.

Mimi kura yangu nimeipa ile 911. Yule wa cherehani bado yuko na 12Cilindri yake na milipuko 900, na hesabu niliyomfundisha mwenyewe ndiyo anayonipigia nayo kila usiku. Yule wa kitanda cha juu amenyamaza kidogo, ila juzi aliniuliza kama 296 ina nafasi ya sanduku la shule. Nilimwambia ina viti viwili tu, basi sanduku lake alikalishe kwenye kile cha pili.